Habari Niliyoipeleka Paje

Kabla sijamwona kwa macho, nilishamjua kwa hofu zake.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ndogo ya kulala wageni, Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ngazi zake za mbao zinalia ukizikanyaga, na ukuta wa nyuma unabanduka chokaa kila msimu wa mvua. Mimi nilikaa mapokezi. Lakini kupokea kwenyewe kulianza mgeni akiwa bado kwao, kwa kumjibu maswali yake kwenye simu ya kazi. Watu wakishakata tiketi ndipo wanapoanza kuogopa. Maji ya bomba yananyweka? Barafu inayotiwa kwenye juisi ni ya maji gani? Mbu je? Mwanamke akipita peke yake vichochoroni atasumbuliwa? Akivaa mikono mifupi watu watamkasirikia? Umeme ukikatika usiku tunafanyaje?

Nilikuwa na majibu yangu tayari, na sikuona tabu kuyarudia. Mpishi wetu, mama mmoja wa Makunduchi ambaye mimi nilimwita mama na yeye akiniita mwanangu, alipenda nimsomee maswali hayo huku akimenya viazi. Alishangaa kwamba mtu anaweza kuogopa barafu.

Huyu mgeni ninayemsema alikuwa Mjerumani, mwalimu mstaafu, mjane. Hakuwahi kusafiri mbali bila mumewe, na mumewe alikuwa amekufa miaka michache nyuma. Mwanawe wa pekee ndiye aliyemshikilia aende. Alimchagulia nchi, akamchagulia na nyumba yetu, akamwambia atamlishia paka wake na kumwagilia maua, yeye aende tu akaote jua. Haya yote aliniandikia mwenyewe, kidogo kidogo, katikati ya maswali. Maana aliuliza kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumjibu. Aliuliza kama dawa yake ya presha itaharibika kwa joto. Aliuliza kama hospitali iko karibu, na daktari anasema Kiingereza. Aliuliza kuhusu nyoka, kuhusu chaza, kuhusu mbwa, kuhusu ndege ndogo na kuhusu boti. Kila nikimjibu alishukuru, kisha baada ya muda simu ikalia tena.

Siku moja akaandika: "Na nikifa huko, mtanifanya nini?"

Nilimsomea mpishi. Akaacha kisu, akafikiri kweli.

"Mwambie tutamzika vizuri," alisema.

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba inshallah atakuja salama na atarudi salama, na kwamba ubalozi na kampuni yake ya bima wana utaratibu wa mambo hayo. Akajibu kwa alama ya kucheka.

Alipofika alikuwa mwanamke mfupi, mweupe wa nywele, na kofia kubwa aliyoishika kwa mikono miwili kama kuna upepo ndani ya nyumba. Alinitazama akasema, "Ni wewe!" akanikumbatia pale pale mlangoni. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya kujifunza ukubwani, kwa hiyo tulielewana vizuri. Siku za mwanzo hakutoka bila mimi au mpishi. Baadaye akaanza kwenda mwenyewe hadi sokoni Darajani, akirudi na mifuko ya maembe na uso umewiva kwa jua. Akajifunza kusema shikamoo, akawa anamwamkia kila mtu, hata watoto wa madrasa, nao wakamjibu marahaba na kukimbia wakicheka. Alikwenda Kizimbani akaona mikarafuu, akarudi na mdalasini akauweka chini ya mto. Halafu akasema anataka kukaa siku chache Paje, pwani, na begi lake kubwa aliache kwetu. Dereva aliyekuwa akituchukulia wageni akampeleka. Nilimwona akipanda gari bila kuniuliza swali hata moja.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, simu ya kazi ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mbali, inakatika.

"Wewe ndiye unayemjibu mama?" aliuliza. "Wewe ndiye wa majibu?"

Nilisema naam, ni mimi.

"Mume wangu alikuwa anatusomea majibu yako mezani," akasema. "Mume wangu amekufa leo asubuhi."

Alikuwa anakwenda kazini kwa baiskeli, kama kila siku, na lori lililokata kona halikumwona. Ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka nyumbani kwao. Mkewe alikuwa anampigia mama mkwe tangu alipoambiwa, lakini simu haipatikani, kwa sababu mwanawe mwenyewe ndiye aliyemsihi azime simu apumzike. Namba nyingine aliyokuwa nayo ni yetu peke yake.

"Asiambiwe kwa simu," alisema. "Tafadhali. Mtu awe naye. Na usimdanganye. Atakuuliza, usimdanganye."

Nilimwahidi. Simu ilipokatika nilikaa kwenye kile kiti cha mapokezi, nikamwona mpishi amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameuona uso wangu.

"Nani?" aliuliza.

"Mwanawe yule bibi."

"Inna lillahi," alisema, akakaa chini kwenye ngazi.

Dereva alikuja mara moja. Tukatoka mjini kwa njia ya Amani, ambako mimi na yeye sote tunakaa, tukapita karibu na uwanja wa mpira, watu wanauza machungwa, wanafunzi wanatoka skuli, kila kitu kama kilivyo. Tukaingia kwenye msitu wa Jozani.

"Dada," dereva alisema, "usimwambie moja kwa moja. Mwambie mwanawe anaumwa. Mwambie kalazwa, hali si nzuri, arudi kwao. Akifika atajua mwenyewe."

Ndivyo tunavyofanya. Mimi mwenyewe nilipofiwa na baba nilikuwa Pemba, na niliambiwa baba ana homa. Nilipanda boti nikiwa na homa ile ile moyoni, na kila aliyenipokea njiani alinipunguzia kidogo, huyu akasema homa imepanda, yule akasema hasemi, mpaka nilipofika mlangoni nikaona viatu vingi vya wanaume, nikajua. Sikuwahi kuwalaumu. Waliniachia safari nzima ya kuwa na baba.

"Mkewe kasema asidanganywe," nilimwambia.

"Mkewe yuko kwao. Sisi ndio tutakaokuwa naye ndani ya gari."

"Nimeahidi."

Akatikisa kichwa. "Basi mimi nitabaki garini. Siwezi kutazama."

Paje bahari ilikuwa imekupwa. Pale nyumba aliyofikia waliniambia bibi yuko majini na kina mama wanaolima mwani tangu alipomaliza kula. Nilitazama nikawaona mbali, wanawake wameinama, na katikati yao ile kofia kubwa. Nyuma zaidi wazungu vijana walikuwa wanateleza juu ya maji wakivutwa na miavuli yao ya rangi. Nilianza kutembea. Mchanga ule mweupe ukawa tope, tope likawa maji ya kisigino, maji ya kisigino yakawa ya goti, nami nakwenda tu na buibui langu na viatu vyangu vya kazi.

Mwanamke mmoja wa mwani aliinua kichwa akaniona.

"Dada, mbona umeingia na viatu?"

Mgeni wangu akageuka, akanitambua, akacheka kwa nguvu. Alikuwa ameshika kamba ndefu iliyofungwa vishada vya mwani, na miguu yake ilikuwa myekundu kwa chumvi. Alinyanyua kamera ndogo iliyokuwa inaning'inia shingoni akanipiga picha, mtu wa mjini na viatu baharini. Huenda picha hiyo ipo mpaka leo, mimi nimesimama vile, na kile ninachokijua kimo usoni.

Yule mama wa mwani alikwishaelewa. Alisema kwa sauti ndogo, "Kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo. Akatia kisu chake kidogo kiunoni, akasogea, akasimama nyuma ya mgeni, karibu kabisa, kama mtu anayetaka kumdaka.

"Anasema nini?" mgeni aliniuliza, bado anatabasamu.

Kwa Kiswahili ningekuwa na pa kujishikia. Ningesema amefariki, au ametangulia, au Mungu amemchukua kiumbe wake. Kwa Kiingereza nililikuta neno moja tu, fupi, lile linalosemwa hata kwa mnyama. Nikalisema. Nikamwambia mkwewe amepiga simu, nikamwambia baiskeli na lori, nikamwambia leo asubuhi.

"Hapana," alisema kwa utulivu, kama mwalimu anayemsahihisha mtoto. "Hapana. Yeye yuko nyumbani. Mimi ndiye niliyesafiri."

Alinitazama akingoja nilirekebishe kosa langu.

"Mimi ndiye niliyesafiri," alirudia. "Yeye yuko nyumbani na paka."

Kisha akatazama ile kamba mkononi mwake, akawaambia wale wanawake kwa Kiingereza kwamba samahani, anawachelewesha, maji yanaanza kujaa. Akainama akaanza kufunga kishada kilichobaki. Vidole vyake havikuweza. Alijaribu, fundo likafunguka, akajaribu tena. Yule mama akapitisha mikono yake juu ya mikono ya mgeni akafunga naye, taratibu, mpaka kishada kikashika. Ndipo akamshika bega akamgeuza kuelekea pwani. Tulitoka naye majini watatu, mimi huku, mama wa mwani kule, na wale wengine wakasimama wima kututazama, hakuna aliyeendelea na kazi. Nusu ya njia alikaa chini ndani ya maji kama mtoto. Hakulia. Kofia ikaondoka na upepo, hakuna aliyeifuata.

Ndani ya gari aliwasha simu yake. Ilianza kulia ujumbe mmoja baada ya mwingine, akaigeuza uso chini mapajani, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Tulipofika Jozani aliongea na mkwewe kwa lugha yao. Dereva alipunguza mwendo, machozi yanamtoka, na mimi nilitazama miti.

Ndege iliyopatikana ilikuwa ya kesho yake alasiri. Mpishi hakwenda kwao siku ile. Alitandika mkeka kando ya kitanda cha mgeni akalala hapo bila kuombwa na mtu, na asubuhi aliniambia kwamba bibi hakufumba macho, alikaa tu anakunja nguo na kuzikunjua.

"Hakunywa hata maji," alisema. "Mwanangu, huyu hajalia. Mtu asiyelia anaharibika."

Asubuhi hiyo hiyo majirani walikuja. Sijui nani aliwaambia. Mkunazini habari haiombi ruhusa. Walikuja wanawake na mabuibui yao, wakavua viatu mlangoni, wakaketi ukumbini juu ya mkeka. Mmoja wao, bibi mtu mzima wa nyumba ya pili, aliulizwa na mwenzake kama inafaa kumkalia matanga mtu asiye wa dini yetu.

"Mimi sikuja kwa ajili ya dini," alijibu. "Nimekuja kukaa na mzazi."

Wakakaa. Aliyekuwa na tasbihi aliivuta.

Katikati ya hayo waliwasili mume na mke vijana, wageni wapya, na mabegi yao ya mgongoni. Walikuwa wameniandikia wiki nzima. Yule mke alichungulia ukumbini akaona wanawake wamejaa chini kimya, akaniuliza kwa wasiwasi kama kuna sherehe, na kama kelele zitakuwepo kila siku, maana walisoma mahali kwamba mji huu una kelele. Kisha akaniuliza kama chandarua cha chumba chao kina matundu. Nilipanda nao ghorofani. Nilikikagua chandarua chote, pembe kwa pembe, nikakinyoosha, nikawaambia hakina tundu. Nilikuwa na hasira nao ambayo hawakustahili kabisa.

Niliposhuka, mgeni wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa nguo za safari tayari, anawatazama wale wanawake.

"Ni nani hawa?" aliniuliza.

"Majirani."

"Wananijua?"

"Wamekuona ukipita."

"Walimjua mwanangu?"

"Hapana."

"Basi wamekuja kufanya nini?"

"Umefiwa," nilimwambia. "Ukifiwa watu wanakuja."

Alishuka ngazi moja, akasimama. Yule bibi wa nyumba ya pili akasogea akapapasa mkeka pembeni yake, kama unavyomwita mtoto mdogo. Mgeni akaenda akaketi, kwa shida, maana hakuzoea kukaa chini. Bibi akamshika kichwa akakilaza kifuani kwake. Ndipo alipolia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena. Wanawake wote walilia naye, kila mmoja na lake, mimi nikamlilia baba. Juu, mlango wa wale vijana ulifunguka kidogo, ukafungwa.

Uwanja wa ndege tulimsindikiza mimi na dereva. Mpishi alikuwa amemfungia chapati na mayai kwenye foronya safi, kwa kuwa hakuona kitu kingine cha kufungia. Alipofika kwa afisa wa kukagua pasi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, karibu, nikasikia. Afisa alikuwa kijana mchangamfu, anafanya kazi yake.

"Umeifurahia Zanzibar, mama?" alimuuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo," alisema. "Sana."

"Karibu tena."

"Asante."

Alichukua pasi yake akaenda. Hakugeuka. Nadhani hakukumbuka kwamba tuko pale.

Siku zilizofuata mpishi aliniuliza kila asubuhi kama kijana ameshazikwa. Nilimuuliza mke wa marehemu kwa ujumbe, akajibu bado. Kwao kuna makaratasi, kuna chumba cha kungojea, kuna zamu. Juma likaisha, bado. Jambo hili lilimuumiza mpishi kuliko hata kifo chenyewe. Sisi mtu akifa asubuhi, alasiri keshalala mahali pake.

"Wanamngojesha mtoto wa watu," alikuwa akisema. "Na yule mama anakaa ndani anajua mwanawe yuko juu ya ardhi. Atalalaje?"

Akawa anapika akinung'unika, na mara moja aliunguza wali wa wageni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kisha siku moja nilikuwa soko la samaki, Darajani, ninamchagulia mpishi samaki aina ya changu, simu ikalia. Nilipoona ni namba ya mgeni wangu nilisogea kando, karibu na ukuta.

"Ni mimi," alisema.

"Pole sana," nilimwambia. "Habari za…"

"Ni leo," alisema. "Ni sasa hivi. Usikate."

Sikukata. Nilisikia viatu vingi juu ya kokoto, vinakwenda polepole, na kengele moja mbali inayolia bila haraka. Nilisikia mtu akiongea lugha yao, sauti ya kusoma. Nyuma yangu wauza samaki walikuwa wananadi kwa kelele, na mmoja alinigusa bega aniulize kama bado namtaka yule changu, nikamfanyia ishara ya mkono anyamaze. Aliitazama simu, akanitazama, akanyamaza. Akamwambia na mwenzake anyamaze. Sijui yeye kule alisikia nini cha kwetu.

Udongo ulipoanza kumwagwa nilijua. Sauti ile ni moja kila mahali. Nikasoma dua chini ya pumzi, ile ninayoijua, na sikujiuliza inafaa au haifai. Baadaye viatu vikaanza tena, na simu ikakatika yenyewe, labda aliibonyeza kwa bahati mbaya, labda chaji iliisha.

Hakunipigia tena, na mimi sikumtafuta. Nilihisi kwamba kunisikia mimi ni kurudishwa pale majini.

Nilirudi na samaki jikoni. Mpishi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Kazikwa?" aliuliza.

"Kazikwa."

"Alhamdulillahi," alisema, akaacha mbuzi ya kukunia, akaenda kukaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga. Nazi nilimalizia kuikuna mimi.